Mbachao, Msala na Mwavuli wa Bure

Hotuba kwa walimu wa chama cha kufaana, Kakamega, likizo ya Agosti

Bwana Mwenyekiti, mweka hazina, walimu, nanyi wastaafu wenzangu mlioketi karibu na dirisha, mulembe muno.

Mwenyekiti alinipigia simu akasema, "Mama, muhula huu wamekuja watu wa benki tatu. Kila mmoja na hema lake, kila mmoja na soda zake. Sasa nusu ya walimu wanataka kuhamisha mshahara na nusu nyingine wanawacheka. Njoo utuamulie." Nilimjibu kwamba mshahara wa mtu hauamuliwi na mgeni. Ninachoweza ni kuwaeleza mambo yalivyo upande wa pili wa meza, kwa sababu niliketi huko miaka 19, nikiwa afisa wa benki.

Baadhi yenu mnanikumbuka. Naona nyuso za Malava, za Shinyalu, na huyu mwalimu wa Butere aliyeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nikifika shuleni saa nne, saa ya chai, buti ya gari imejaa miavuli. Mkaniita Mama Mwavuli. Mvua ya alasiri ya Kakamega haipigi hodi, kwa hiyo sikumbuki mwalimu aliyewahi kuukataa. Nao ulikuwa mwavuli wa maana, si haba. Nimeambiwa kuna mmoja huko Malava ambao hadi leo humfunika kuku na vifaranga wake.

Katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniuliza mwavuli ule ulilipwa na nani.

Nitawajibu leo. Benki yangu, ambayo siitaji kwa sababu pensheni yangu bado inapitia huko, haikuwa na haja kubwa na akaunti yenu. Akaunti ya mshahara wa mwalimu ni kama stendi ya matatu. Pesa zinashuka mwisho wa mwezi, na kufikia tarehe tano zimeshapanda tena: nyingine kwenye simu, nyingine dukani, nyingine karo. Hazilali. Na benki haitajiriki kwa pesa zisizolala. Tulichokuwa tukikitafuta ni hati yenu ya mshahara. Mwalimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hafutwi ovyo, mshahara wake unajulikana hadi senti, na mkopo wake hukatwa kabla hajauona mshahara. Kwa mkopeshaji, huyo ni ng'ombe wa maziwa aliyefungwa kwa kamba fupi. Kamisheni yangu haikuhesabiwa kwa akaunti nilizofungua, ilihesabiwa kwa mikopo iliyozifuata. Akaunti isiyo na mkopo ofisini tuliiita kavu, na meneja alikuwa akiuliza kila Ijumaa, "Zile kavu lini zitanyesha?"

Sheria nayo ilitusukuma kwenu. Septemba 2016 serikali iliwekea riba kikomo: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Mlishangilia, na nilikuwa miongoni mwa waliodhani mambo yamekwisha. Kilichotokea ni kwamba mwenye duka pale sokoni alinyimwa mkopo, kwa kuwa benki haikuruhusiwa tena kumtoza kwa hatari yake, na sisi tukaambiwa tuwafuate watu wa mishahara. Kwa vile riba ilikuwa ileile kila mahali, tulishindana kwa miavuli, kwa chupa za chai, kwa bima ya mazishi ya bure. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019, lakini mahema hayakuondoka. Mnayaona hadi leo.

Sasa niwasimulie ya binti wa dada yangu, ambaye kwa mila zetu ni binti yangu. Yeye ni muuguzi Uingereza. Ameshahama benki mara tatu, na kila mara amelipwa pesa taslimu, mara pauni 150, mara pauni 175. Huko, tangu Septemba 2013, kuna mpango wa kuhamisha akaunti. Unaiomba benki mpya, nayo ndani ya siku saba za kazi inahamisha kila kitu: mshahara, umeme, simu, kodi ya baraza la mji. Akaunti ya zamani inafungwa, na mtu akituma pesa kule zinajipeleka zenyewe kwenye mpya. Wewe hata foleni hupangi.

Aliponieleza nilimwonea wivu. Kisha nikamuuliza masharti, kwa sababu mwizi mstaafu hasahau madirisha. Akasema ni lazima kiasi fulani cha pesa kiingie kila mwezi, ni lazima malipo mawili hivi ya kudumu yapitie hapo, na kama umewahi kulipwa na benki hiyo hulipwi tena. Nikamuuliza, na mkopo? Akacheka. Mkopo wa gari lake uko kwa kampuni nyingine kabisa, na nyumba amepanga. Akaunti yake haina kamba. Ndiyo maana anaweza kuhama kama ndege na kuokota punje kila mti.

Kwetu akaunti ina kamba, na kwenye kamba kuna mkopo, dhamana ya rafiki, na chama cha akiba. Wanaomlipa binti yangu wanamtegea wakitumaini atazoea, asihame tena, na siku moja ataomba mkopo wa nyumba. Waliowapa ninyi mwavuli hawakuwa na subira hiyo. Mkopo ulikuwa umeshachapwa, uko kwenye gari, unangoja sahihi tu.

Wazee wetu wa pwani walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Najua walimu wa Kiswahili hapa wataniambia hiyo imemaliza hotuba, twendeni tukale. Mimi sikubaliani nayo moja kwa moja. Kuna mbacha, yaani mkeka mkuukuu, uliotoboka hadi magoti yanagusa udongo, na mwenyewe bado ameukalia kwa sababu ya methali. Nimeona mwalimu akilipa ada ya kila mwezi kwa benki yake miaka 12, ilhali jirani yake kwenye benki nyingine halipi hata senti, na hakuna aliyemzuia kuuliza. Kukaa nako kuna gharama yake, ila hiyo haipigi kelele wala haiji na hema.

Basi tuhesabu. Walimu wa hesabu mnisahihishe, nimekuja na kikokotoo.

Mwalimu mmoja alikopa Sh500,000 kwa asilimia 16 kwa mwaka, riba inayohesabiwa kwa deni linalopungua, miezi 60. Kila mwezi anakatwa Sh12,159. Ameshalipa miaka mitatu, imebaki miwili. Anaenda benki, anaomba barua ya salio la kumaliza mkopo, anaambiwa Sh248,331. Anashtuka. Nimelipa miaka mitatu kati ya mitano na bado nadaiwa karibu nusu? Ndiyo. Mwanzoni deni ni kubwa, kwa hiyo riba ni kubwa, na sehemu nene ya kila makato inaenda kwenye riba. Riba yote ya mkopo huo ni kama Sh229,500. Katika ile miaka mitatu ya kwanza ameshalipa kama Sh186,000. Akitulia tu na kulipa miezi 24 iliyobaki, riba iliyosalia ni Sh43,500 hivi. Mtu huyu amemaliza kutafuna mifupa. Sasa nyama ndiyo imebaki kwenye sahani.

Hapo ndipo mimi nilipokuwa nikitokea na gari langu.

Nilimwambia, "Mwalimu, wewe unaumizwa. Unalipa asilimia 16, mimi nakupa 13. Nakununulia hilo deni lote. Makato yako yanashuka kutoka Sh12,159 hadi Sh5,650. Na hii hapa Sh3,000 ya kukukaribisha." Hakukuwa na uongo hata neno moja. Mwalimu aliona Sh6,500 zimerudi mfukoni kila mwezi, akaona karo, akaona bati la jikoni, akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Nilichonyamazia ni miezi. Ule mkopo mpya haukuwa wa miezi 24. Ulikuwa wa miezi 60, umeanza upya kutoka moja. Sh5,650 mara 60 ni kama Sh339,000. Toa deni, riba inabaki Sh90,700. Yaani riba imeshuka kutoka 16 hadi 13, na riba aliyobakiwa nayo ya kulipa imepanda kutoka 43,500 hadi 90,700. Sh47,200 zaidi, na kabla ya kufurahi kwamba amepewa 3,000, bado hajalipa ada ya kushughulikia mkopo mpya.

Naona mwalimu pale anapiga hesabu mwenyewe. Vizuri, usiniamini.

Turudi nyuma. Je, angekubali kuhamia asilimia 13 lakini akasisitiza miezi ibaki 24? Makato yangekuwa Sh11,806, na riba yote Sh35,000. Ameokoa kama Sh8,500. Toa ada ya mkopo mpya, tuseme asilimia 2.5, ambayo ni Sh6,208. Kimebaki kama Sh2,260, na hapo hujalipia bima ya mkopo wala nauli ya kwenda mjini mara nne. Sasa katika hesabu hii ndogo ndipo ile zawadi ya 3,000 inakuwa na uzito wa kweli. Inaweza kuwa ndiyo faida yako yote. Kwa hiyo sisemi zawadi ni upuuzi. Nasema iwe ya mwisho kuingia kwenye hesabu, na isiingie kabla ya miezi.

Kuna anayeuliza kimoyomoyo, na aliyebanwa je? Huyo simcheki. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, na ninajua humu kuna walioegemea ukuta huo miaka mingi, wanaishi kwa theluthi na kwa Fuliza, ule mkopo wa kwenye simu. Kama mtoto ameitwa chuo na huna pa kushika, kurefusha mkopo ni njia halali ya kununua pumzi. Ila ijue bei yake. Kwa mfano wetu, pumzi hiyo inauzwa Sh47,000. Mtu anayejua amenunua kitu cha 47,000 hukitumia kwa adabu. Anayedhani amepewa bure huenda nacho kwenye harambee ya kwanza. Na afisa akikwambia kwamba juu ya kununua deni anaweza kukuongezea 150,000 mkononi, muulize upesi makato yatakuwa miezi mingapi, kisha mwombe chai unywe polepole wakati anatafuta jibu.

Jambo moja dogo kabla sijaliacha hili la riba. Ukitajiwa asilimia, uliza kama ni ya deni linalopungua au ya deni lote la mwanzo. Sh100,000 kwa mwaka mmoja, asilimia 10 ya deni lote, ni riba ya Sh10,000. Inasikika tamu. Lakini kwa kuwa deni unalilipa kila mwezi, hiyo ni sawa na karibu asilimia 18 kwa hesabu ya deni linalopungua. Tangu 2017 Benki Kuu na chama cha mabenki wana tovuti inayokuonyesha gharama yote ya mkopo, riba na ada kwa pamoja, benki kwa benki. Walimu vijana, wasaidieni wakubwa wenu kuifungua.

Sasa nani ahame?

Ahame asiye na mkopo, kama ada zinamla. Na mnapohesabu ada, msitazame ile ya mwezi tu. Mwalimu wa leo pesa yake inaishi kwenye simu. Machi 2020, wakati wa korona, ada za kutoa pesa benki kwenda kwenye simu ziliondolewa, tukazoea. Januari 2023 zikarudi. Chukua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu, hesabu umehamisha mara ngapi. Hata ikiwa ni shilingi 40 kila mara, mara kumi kwa mwezi ni 400, kwa mwaka ni 4,800. Hiyo ni zaidi ya zawadi niliyokuwa nikitoa, na inajirudia kila mwaka wakati zawadi imekwishaliwa. Nimekutana na mwalimu aliyevutwa na akaunti "isiyo na ada" akakuta kila kutuma pesa kwenye simu kuna bei yake, na wakala wa benki hiyo wa karibu yuko Mumias.

Ahame pia aliyekopa riba ilipokuwa juu na bado ana safari ndefu. Februari 2024 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13. Kuanzia Agosti mwaka huo kilianza kushuka, na kufikia Aprili 2025 kilikuwa 10. Kama ulikopa pale kileleni kwa miaka sita na umelipa sehemu ndogo tu, hesabu yako si kama ya yule mwalimu wetu. Nyama yako bado haijaiva. Lakini kabla ya kuhama, nenda kwa benki yako na barua ya ofa ya wengine mkononi. Waulize, mbona yangu haijashuka? Kwa miaka 19 niliona ajabu hii: mteja aliyenyamaza aliachwa na riba ya zamani, na aliyekuja na karatasi ya jirani aliitwa ofisini kwa meneja, akapewa kiti na maji. Kupunguza riba kwa mteja wa zamani kulitugharimu kidogo kuliko kumpoteza. Hatukuwatangazia, bila shaka.

Na ahame aliyedharauliwa. Hilo halina kikokotoo. Kama kila ukienda tawini unasimama saa mbili, na kosa lao la makato linachukua miezi mitano kurudishwa, miguu yako ina haki ya kutafuta mlango mwingine.

Asihame aliyevutwa na mtu. Ninaomba radhi kwa hili. Wengi hawakuhamia benki yangu, walinihamia mimi, kwa kuwa nilijua majina ya watoto wenu na nilifika matangani. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Bungoma, na aliyekuja nyuma yangu hakumjua yeyote.

Tuseme umeamua. Binti yangu kule Uingereza anahamishwa na mpango. Hapa mchukuzi ni wewe, na makosa niliyoyaona mengi yalikuwa ya haraka.

Usifunge ya zamani kwanza. Fungua mpya, acha zote mbili ziwe hai. Peleka mabadiliko kwa mwajiri mapema katika mwezi, maana mishahara ikishafungwa kutayarishwa, barua yako ni ya mwezi ujao, hata ukilia. Kama una mkopo unaolipwa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, haukatwi kwenye hati ya mshahara, mkataba wako huenda unasema mshahara lazima upite hapo hadi deni liishe. Usome. Mshahara ukihama na mkopo ukabaki, tarehe ya makato itafika ikute akaunti tupu, na jina lako litaanza safari ya kwenda CRB, wanakoandikwa wasiolipa mikopo, huku wewe unajiona mjanja.

Benki mpya ikikununulia deni, hakikisha ile ya zamani imetoa barua kwamba deni limekwisha, na kwamba makato yamesimamishwa. Hili niliseme polepole kwa sababu limeliza walimu wengi. Malipo yanaweza kufika tarehe 12, na amri ya kusimamisha makato isifike kwa mwajiri kabla ya mishahara kufungwa. Mwezi huo unakatwa mara mbili, deni la zamani na jipya. Pesa ya ziada hurudishwa, lakini hurudi ikitembea kwa miguu. Kwa hiyo uwe na kitu pembeni cha mwezi mmoja. Kama huna hata cha mwezi mmoja, uhamisho wako usubiri Desemba. Hapana, si Desemba. Januari ndiyo hiyo na karo. Subiri Machi.

Halafu kaa na daftari, andika kila kinachochukua pesa kwenye akaunti ile kimyakimya. Bima ya elimu ya mtoto. Mchango wa kanisa. Fedha za mama kijijini zinazotumwa kila tarehe moja. Bima ndiyo hatari zaidi, kwani haikupigii kelele ikikosa malipo, inakatika tu, na wewe unaendelea kudhani umefunikwa.

Mishahara miwili ikishaingia salama kwenye mpya, rudi kwa ile ya zamani na barua. Funga kwa maandishi, uombe uthibitisho. Usiitelekeze. Akaunti iliyotelekezwa inaweza kuendelea kutozwa ada hadi ikaingia chini ya sifuri. Na kama ina pesa na hukuigusa miaka mitano, sheria ya mali zisizodaiwa ya 2011 inataka benki izipeleke kwa mamlaka inayohusika, UFAA. Hazipotei, utazidai na kulipwa, lakini utajaza fomu hadi uchoke.

Chama cha akiba sasa. Najua wengi wenu mshahara unapitia kwenye dirisha la mbele la Sacco, halafu benki inawaahidi mbingu. Pale Sacco umekopa kwa asilimia 12 hivi kwa mwaka, mara tatu ya akiba yako, na waliokudhamini wako humu ndani. Angalieni kulia na kushoto. Ukiondoa mshahara kule na mkopo ukayumba, barua ya kwanza inakuja kwako na ya pili inakwenda kwa huyo uliyeketi naye. Nimeona ndugu wawili wa Lurambi hawakaribishani chai hadi leo kwa sababu ya hilo. Mpe mdhamini wako habari kabla ya kuhama, si baada. Hilo halimo kwenye fomu yoyote.

Kwa upande mwingine, na nisionekane nimepewa kadi ya uanachama, akiba ya benki ina ulinzi ambao Sacco haina. Shirika la bima ya amana, KDIC, linamlipa mwenye akaunti hadi Sh500,000 benki ikianguka. Kabla ya Julai 2020 ilikuwa Sh100,000 tu. Si kila akaunti, ni kila mtu kwa kila benki, akaunti zako zote zikijumlishwa. Mnakumbuka 2015 na 2016. Dubai Bank Agosti, Imperial Oktoba, Chase Aprili iliyofuata. Benki tatu katika miezi minane. Siku ile ya Chase nilikuwa kazini, benki nyingine kabisa, na tulipofungua mlango tulikuta wateja wetu wamepanga foleni kutoa pesa zao, kwa hofu tu. Kwa mshahara unaopita stendi hilo halikusumbui sana. Lakini kama umestaafu na kiinua mgongo kimelala, na kuna anayekupa riba ya amana kubwa kuliko wengine wote mjini, usiweke yote pale. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kilikuwa kikijitembeza kwa viatu vyangu.

Mwalimu, umeinua mkono. Sema.

Anauliza kama yeye, ambaye amebakiza miezi saba kumaliza mkopo na ameahidiwa simu mpya akihama, ahame au asihame.

Mwalimu, miezi saba? Wewe nyama imeshafika mdomoni. Maliza. Siku ya kulipa makato ya mwisho utakuwa mtu asiye na kamba, kama yule binti yangu, na wataleta simu kubwa kuliko hiyo. Siku hiyo ndiyo ya kuwasikiliza, tena ukiwa umekaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kikokotoo ninacho, na nitaketi pale chini ya ubao hadi saa kumi. Mwenye barua ya salio aje nayo, asiye nayo aje na hati ya mshahara, tutahesabu pamoja, hakuna atakayetangaziwa. Na yule wa Malava, ukirudi nyumbani niletee ule mwavuli. Mvua imeanza na mimi nimekuja bila.